Kuku Wanazidi Kunenepa

3 Juni

Mama mdogo,

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu wa dawati moja, na nakuandikia wewe kwa sababu hutaniona uso wakati unasoma. Chakula anachopika mama siwezi kukila. Tangu shule zifunguliwe sijameza hata tonge moja lililopita mkononi mwake. Akinipakulia natoka na sahani uani, nasema ndani kuna joto, nakaa nyuma ya banda, chote nawamwagia kuku. Sahani naifuta kwa jani mpaka ing'ae. Narudi ndani nasema ahsante mama, nimeshiba.

Kupika anajua, wewe mwenyewe shahidi. Shida ni mikono yake.

Kazi ya mama unaijua kwa mbali. Unajua ni muuguzi wa majumbani, ana pikipiki na sanduku la bluu, anazungukia wagonjwa wasioweza kutoka vitandani. Harufu huijui. Huku hospitali iko mbali na gari la wagonjwa huja likijisikia, kwa hiyo mtu akijikata na shoka, akiangukiwa na mti, mjamzito akishikwa na uchungu njiani, wa kwanza kupigiwa simu ni mama na wa kwanza kufika ni mama. Glavu anazoletewa hazimalizi wiki. Anarudi na vitu vya watu kwenye mikunjo ya viwiko.

Akirudi haingii kwa mlango wa mbele. Anazungukia nyuma kwenye kibanda cha kufulia, anavua sare, anailoweka kwenye ndoo ya klorini, anajisugua mpaka viwikoni kwa sabuni ya mche, anasuuza, anasugua tena. Akimaliza anapiga makofi mawili. Hiyo ndiyo ishara yetu tangu nikiwa mdogo kwamba sasa ruksa kumkumbatia. Zamani nikiyasikia nilikuwa nakimbia kwa mbio zangu zote. Siku hizi nikiyasikia nafungua daftari lolote lililo karibu.

Mwezi uliopita mshipi wa sanduku ulikatika, akaniomba nikamshikie. Tulikwenda kwa bibi mmoja aliyelala muda mrefu bila kugeuzwa. Mkwewe alitufungulia mlango akiwa amejiziba pua kwa kitambaa, akabaki nje. Mama akamgeuza bibi. Nyongani kulikuwa na kidonda, shimo hasa, kijani pembeni, na ndani kuna vitu vinatembea. Harufu yake ilikuwa tamu. Hilo sikulitarajia. Tamu, kama tunda lililosahauliwa ndani ya begi la shule, na ilinikaa kwenye ulimi. Mama akavitoa kimoja kimoja kwa koleo ndogo huku akimtania bibi kwamba amefuga bila kibali. Bibi akacheka. Kisha mama akachukua shashi, akaisukuma ndani ya shimo kwa kidole, taratibu, kidole kikazama mpaka fundo la pili.

Jioni akakanda unga wa mkate. Alikuwa ameoga, amesugua, amepiga makofi. Nikaona kidole kile kile kinazama kwenye unga mpaka fundo la pili.

Shuleni mwili tunausoma kwa lugha nyingine. Kwa lugha ile naweza kukuchorea ngozi na tabaka zake zote, mwalimu akanipa alama zote, na pua yangu isisikie kitu. Lugha ya darasani haina harufu. Nikirudi nyumbani, usaha ni usaha.

Usifikiri nafa njaa. Mchana nakula shuleni. Nyumbani nakula vitu vyenye ganda: ndizi, karanga, mayai ninayochemsha mwenyewe. Ndani ya ganda hakuna aliyeingiza mkono.

Naomba nije nikae kwako. Nikifumba macho naisikia harufu ya duka lako, sabuni za waridi na yale marashi ya chupa ndogo. Nitafagia, nitapanga chupa, wateja sitawasemesha sana lakini nitawatabasamia. Tunga sababu yoyote, wewe ni hodari wa kutunga, ila mama asijue hii. Barua nampa dereva wa lori la maziwa. Simu ya nyumbani ni ya dharura, na kwa mdomo nisingeweza.

Kobe wako


9 Juni

Kobe wangu,

Dereva amenikabidhi barua yako ikinuka maziwa yaliyochacha, kwa hiyo usinipe somo la harufu.

Nimeisoma nikiwa nimesimama dukani. Mteja kauliza bei ya marashi, kauliza tena, kaona mwenye duka amekuwa sanamu, kajiondokea. Sikuchukii. Ningekuwa nachukia watu kwa ajili ya kuona kinyaa ningeanza na mama yako.

Naam, mama yako. Tulipokuwa wadogo yeye ndiye aliyekuwa hawezi. Samaki nilikuwa nampara mimi, matumbo nayatoa mimi, yeye amejifungia chumbani na mto usoni. Kuku akichinjwa alikuwa analia mpaka anapata homa. Akiona mdudu kwenye mchele siku hiyo hali kitu. Siku aliyosema anataka kusomea uuguzi, baba yetu alicheka hadi akapaliwa na maji. Na mimi niliyekuwa natumbua samaki nimeishia kuuza sabuni za waridi. Alifanyaje yule? Sijui. Sijawahi kumwuliza, na leo naona aibu kwamba sijawahi.

Kuhusu kuja, likizo ikifika njoo, nitamwambia dada nahitaji mtu wa kunisaidia kuhesabu mali. Lakini usidhani unakuja peponi. Nyuma ya duka kuna mfereji wa maji machafu ulioziba tangu mvua za mwaka jana. Marashi yote haya unayoyaota kazi yake ya kwanza ni kuuficha mfereji ule.

Siri yako nimeifungia. Ila kula, mtoto. Vitu vyenye ganda! Wewe ni binadamu au tumbili?

Mama mdogo wako


11 Juni

Mdogo wangu,

Naandika harakaharaka, nimekaa kwenye ngazi za mgonjwa nasubiri dripu iishe. Hii nitampa dereva wa maziwa. Simu sitaki, kuta zetu nyembamba na mtoto ana masikio.

Mwanangu anaumwa na sijui anaumwa nini. Mimi ninayeitwa kwa watu saa zote nimeshindwa kumsoma wa kwangu. Anakonda. Sare ya shule imemning'inia kama imetundikwa kwenye msumari. Nimempima malaria, hana. Nimempa dawa ya minyoo, hola. Nimemchoma kidole nikapima sukari, nikamdanganya kuwa najaribu kipimo kipya. Sukari iko sawa. Nimemwuliza kama kuna mvulana, akajikunja kama jina lake.

Kukonda peke yake kusingenitisha. Angekuwa hali, ningejua pa kuanzia. Lakini anakula. Nampikia maini, nayaponda kwa mikono yangu mwenyewe, namkandia mkate wa maziwa, nampakulia sahani ya mtu mzima, na anamaliza yote. Sahani inarudi inang'aa. Mtu anayekula namna ile huku anaisha, wewe unajua na mimi najua ni nini. Marehemu mama alianza hivyo hivyo. Hata kuku wetu wanazidi kunenepa, mwanangu ananyauka.

Nimemwambia msimamizi wangu kwamba mwisho wa mwezi huu naacha kazi. Namleta mtoto hospitali kuu huko kwako apimwe kila kitu, hata kama itabidi tukae mwaka mzima. Msimamizi ameniuliza huku namwachia nani. Nikamjibu hilo ajiulize yeye aliyeshindwa kuniletea hata glavu. Anasema nikiondoka hana wa kumleta, watu watakaa wakisubiri gari. Najua maana ya kusubiri gari. Nimewafunika wengi waliolisubiri. Lakini nina mtoto mmoja.

Usimwambie kwamba naogopa. Kwake najifanya namkaripia tu.

Dada yako


15 Juni

Dada,

Pole sana. Nisikilize, na usiniulize kwa nini: kazi usiache kwanza. Watoto wa umri ule hurefuka, hukonda, hununa, ndiyo maumbile. Mimi si daktari, mimi nauza sabuni, lakini subiri kidogo. Na habari ya marehemu mama itoe kichwani, sivyo ilivyo, nakuambia sivyo.

Mkate wako wa maziwa umenitia njaa.

Mdogo wako


15 Juni

Kobe,

Safari hii sina mzaha. Dereva yule yule amenishushia barua ya mama yako. Unajua anafikiri nini? Anafikiri una ugonjwa uliomwua bibi yako. Anakupikia, unamrudishia sahani inang'aa, na kwa elimu yake mtu anayekula vile na kukonda vile anakwenda kaburini. Kile kidole alichokuchoma hakikuwa kipimo kipya. Alikuwa anakutafutia ugonjwa. Na mwisho wa mwezi anaacha kazi ili akulete huku upimwe. Anaacha kazi, umenisikia? Wale wanaompigia simu damu ikitoka, watampigia nani?

Mimi niliahidi kunyamaza na nimenyamaza. Leo nimemwandikia dada yangu uongo kwa mkono wangu huu, halafu nikakaa najinukia vibaya kuliko mfereji wangu.

Mwambie mwenyewe kabla mwezi haujaisha. Usipomwambia, nitamwambia mimi. Utanichukia na nitavumilia.

Mama mdogo wako


19 Juni

Mama mdogo,

Sikujua. Nilidhani kipimo kilikuwa kipya kweli. Nikamwambia hata kwamba hakiumi.

Nimejaribu. Jana sikutoka nje, nilikaa mezani. Nikamega mkate, nikautia mdomoni, mama ananitazama kama mtu anayesoma kipimajoto. Nikatafuna. Badala ya kupungua ukawa unaongezeka mdomoni. Nikaliona lile shimo. Nikakimbilia nje nikatema, mate yanavutika mpaka kifuani, na mama akanifuata, akanishika kipaji cha uso ili nitapike vizuri, kwa mkono ule ule, akasema pole mwanangu, pole, dawa tutapata. Hapo ningesemaje?

Kuna jingine. Jumamosi alinituma kwa mwenye mashine ya kusaga unga nimpelekee vidonge vyake vya presha. Mkewe alikuwa anaosha vyombo. Niliona kiu, nikanyoosha mkono kwenye kikombe kilichotundikwa msumarini karibu na mlango, kikombe cha bati kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio chake. Akanizuia. Akasema hicho niache, ni cha Sista. Huku wote wanamwita mama Sista. Akanipa bilauri, akashusha sauti, akaniambia hana nia mbaya, mama yangu ni mtu wa watu, ila basi tu, anashikashika mengi. Akanicheka kidogo, kama mtu anayemcheka mwenzake wa siri moja.

Na mimi nikanywa kwenye bilauri. Hilo ndilo linanichefua hadi sasa. Kikombe hata hakikunishangaza. Nilimwelewa vizuri kabisa. Tofauti yetu ni kwamba yeye ana uzi na mimi nina kuku.

Usimwambie bado. Nitasema.

Kobe


28 Juni

Mama mdogo,

Mama anajua. Haikuwa nyumbani, na haikuwa kwa namna niliyokuwa naipanga kitandani.

Juzi nilipotoka shule nilipitia kwa mwenye mashine na mahindi yetu. Alikuwa anarekebisha mkanda bila kuzima injini, ndivyo anavyofanya siku zote, akijigamba kwamba mashine inamjua. Mkanda ukashika mkono wa shati. Sauti yake sitakuandikia. Injini ikajizima, na ukimya ukawa mbaya kuliko kelele. Mkono bado ulikuwepo lakini haukuwa wake tena. Damu ilikuwa inaruka, inaacha, inaruka.

Wateja wote wakarudi nyuma mpaka ukutani. Mkewe akampigia mama; namba hakuhitaji kuitafuta. Wa gari la wagonjwa nao wakapigiwa, wakasema linakuja. Mama ndiye aliyefika. Akapiga magoti kwenye unga. Akafunga utepe wa kuzuia damu juu ya jeraha, akausokota kwa nguvu, damu ikapungua lakini haikukoma, nyama ilikuwa imechanika hadi karibu na kwapa. Akajaza shashi humo ndani kwa kidole, mpaka fundo la pili, akabonyeza kwa uzito wake wote. Hapo mgonjwa akaanza kutapika akiwa chali. Akawa anakabwa. Mama alihitaji mikono mingine miwili.

Akainua kichwa. "Mmoja aje abonyeze hapa."

Walikuwa watu wazima, Mama mdogo, wanaume wenye mabega. Mmoja alikuwa anapiga picha kwa simu, mkono wa pili ameziba pua. Mwingine akasema yeye na damu hawapatani. Mwingine akasema ya Sista mwachieni Sista. Na walivyokuwa wanamtazama! Midomo imevutwa upande, kidevu nyuma. Sura hiyo naijua. Ndiyo ninayoitazamia sahani nyuma ya banda. Niliiona ukuta mzima, sura yangu, kwenye vichwa vya watu wengine, na nikataka kuitapikia.

Nikajikuta nimepiga magoti. Usije ukaandika neno ushujaa, miguu ilitangulia tu. Glavu za mama zilikuwa zimechanika kwenye chuma cha mashine. Sandukuni ilibaki jozi moja ya mwisho. Akanivalisha mimi, akaniwekea viganja mahali pake.

Palikuwa vuguvugu. Unga na damu vilikuwa vimekandika chini ya vidole vyangu vikawa donge, laini, linanata, na lilikuwa linapiga, kama kitu kinachotaka kutoka. Lilinuka chuma na mahindi mapya. Nikasema mama, natapika.

"Tapika," akasema, "lakini usiachie."

Nikageuza shingo nikajitapikia begani, kwenye sare, ikatelemka kifuani. Sikuachia.

Ndipo mama akanitazama vizuri, na nikaona anakumbuka. Uso wa muuguzi ukatoka, ukaja uso wa mama, na huo ulinitisha kuliko damu. Akawageukia wale wa ukutani, akawaambia kwa sauti ya kuomba ambayo sijawahi kumsikia nayo, kwamba huyu mtoto ni mgonjwa, ataanguka, na akianguka mtu huyu atakufa, mmoja wao ampokee, tafadhali. Ukuta haukutoa mtu. Basi akaanza kuja yeye. Alikuwa anamwacha mtu anakabwa ili aje anitoe mimi.

"Siumwi," nikasema.

"Nyamaza, mwanangu, unatetemeka."

"Mama, siumwi. Sijaumwa hata kidogo. Chakula chako nawapa kuku. Naona kinyaa."

Mashine ilikuwa imezimika, kwa hiyo kila mtu alisikia. Mama alibaki na mikono hewani, haina glavu, imelowa. Akaitazama yote miwili, juu, halafu viganja, kama ya mtu mwingine aliyoombwa amshikie. Kisha akarudi kwa mgonjwa, akamlaza ubavu, akamtia vidole kinywani kutoa matapishi, na bila kuinua macho akasema, "Basi bonyeza."

Nikabonyeza mpaka gari lilipokuja.

Mwenye mashine yuko hai. Mkono wameukata huko hospitali. Kaka yake ndiye aliyepanda naye garini, mkewe akabaki kumkusanyia nguo, akatutolea maji. Waliokuwa ukutani walipewa bilauri. Mama akaletewa kikombe chenye uzi mwekundu. Akanywa nusu, akanipa mimi. Mke wa mwenye mashine akawahi kusema mimi ataniletea bilauri.

"Acha tu," mama akamwambia, taratibu, kama anayeuliza bei ya chumvi. "Utafunga uzi mwingine. Sasa tuko wawili."

Kumbe miaka yote alikuwa anajua. Nikanywa pale pale midomo yake ilipogusa. Maji yalikuwa na ladha ya matapishi yangu mwenyewe. Mke wa mwenye mashine akawa anatafuta kitu sakafuni, na yule wa simu akakumbuka kwao.

Nyumbani akanipisha kwanza kwenye kibanda cha kufulia, akasimama nje. Nikaloweka sare, nikasugua mpaka viwikoni, nikasuuza, nikasugua tena. Nilipomaliza nikapiga makofi mawili. Hakuja. Nilimsikia upande wa pili anawatupia kuku punje, anawaita kwa upole.

Tangu hapo hajanipikia. Jana asubuhi nilikuta mezani ndizi, karanga, na mayai mabichi kwenye bakuli, hata maji ya kuchemshia ameniachia nichote mwenyewe. Habari za ganda sikuwahi kumwambia, na wewe najua hukusema. Amekaa amefikiri, ameelewa, akaniandalia. Hakugusa ila maganda. Nililia hadi karanga zikalowa. Baadaye msimamizi wake akapiga simu, nikasikia kupitia ukutani: mtoto ni mzima. Halafu: naendelea na kazi.

Uliuliza alifanyaje, yule aliyekuwa anajifungia na mto usoni. Nadhani hakufanya kitu. Juzi alipoingiza vidole kwenye kinywa kile nilikuwa karibu yake kuliko nilivyowahi kuwa, nikamwona pembe ya mdomo inavutika na bega linapanda kuelekea sikioni. Hivyo hivyo ninavyofanya mimi. Mama anaona kinyaa, Mama mdogo. Nadhani anaona kila siku, kwa kila mtu, halafu anaingiza mkono. Na akifika nyumbani hasemi, kwa sababu angemwambia nani? Mimi nilikuwa nimefungua daftari.

Leo nimepika mimi. Nimekanda unga kwa mikono hii, na bado katikati ya vidole nasikia kile chuma. Ilibidi nisimame mara kwa mara nikapumue dirishani. Mkate umetoka mbaya, umepasuka juu, upande mmoja mbichi kidogo. Nimeweka sahani mbili. Usifurahi bure, kinyaa hakijaniisha, na sijui nikimega nitameza. Lakini swali linalonikaa kooni ni jingine: kama yeye atakula kilichotoka mkononi mwangu, sasa anapojua kilichokuwa moyoni. Hana kuku wa kuwapa, wako nje wamelala kwa shibe.

Likizo nitakuja kukutembelea, nikuzibulie na huo mfereji. Kuhamia, sahau.

Pikipiki imeingia. Kila mara hapa ndipo ninapoisukuma barua yako chini ya daftari la sayansi na kuvuta sura ya mtu anayesoma. Maji yanamwagika kibandani. Sabuni. Maji tena. Makofi bado.

Amepiga makofi. Taratibu sana, kama mtu anayebisha hodi kwa watu asiowajua. Nami nimemjibu, makofi mawili, unga umeruka juu ya karatasi, samahani kwa doa.

Sasa anakuja. Nasikia ndara zake kwenye ukumbi, zimesimama, zinakuja tena. Karatasi naiacha papa hapa, kando ya mkate, maandishi yakiwa juu.

Kobe